Mtoa Huduma Mkuu Akianguka

Ilikuwa mwaka wa ishirini na sita wa Utulivu, majira ya vuli, na mvua zilikuwa zimeanza wiki moja kabla ya kuruhusiwa.

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa kwa kuwa hata wananchi wake walikatazwa kulitaja bila sababu, hapakuwa na rais wala mfalme. Kiongozi alikuwa mtu mnyenyekevu mno. Alivikataa vyeo vyote viwili kwa machozi, mbele ya kamera, akachagua kuitwa Mtoa Huduma Mkuu. Makamu wake, asije akaonekana mkubwa kuliko unyenyekevu huo, akaitwa Mtoa Huduma Msaidizi. Vyeo hivyo vilipendwa sana, na aliyesahau kuvipenda alikumbushwa.

Bi Sikudhani Mtengela alikuwa fundi wa mitandao katika Wizara ya Taarifa na Utulivu. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili aliyejulikana kwa mambo mawili: aliogopa kila kitu, na aliandika vizuri. Kuogopa alijifunza kazini. Kuandika alijifunza shuleni, enzi ambazo mtoto aliyesema "kitabu yangu" alikibeba kitabu hicho kichwani mpaka kengele ya mwisho.

Mwezi uliotangulia, trekta la kuchimba mtaro lilikuwa limeukata waya wa kampuni ya Nyuzi Imara, iliyoiletea nchi nzima intaneti. Waya ulikatika katika dakika ya tisa ya hotuba ya Mtoa Huduma Mkuu iliyoitwa "Sisi Hatukatiki". Dereva hakuonekana tena, na trekta lenyewe lilifungwa minyororo. Wizara ikaamua kwamba aibu hiyo isirudiwe: ikaajiriwa kampuni ya pili, Anga Wazi, iwe msaidizi, na Sikudhani akaagizwa apange mambo ili ya kwanza ikipotea, ya pili iendelee na kazi yenyewe.

Kazi haikuwa ngumu. Kwa siku mbili aliufunga waya wa pili kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kinachoamua mawasiliano yapite wapi. Akakiagiza kiwe kinaichungulia Nyuzi Imara kila baada ya sekunde tano, na kikiona haijibu, kihamishie kila kitu kwa Anga Wazi. Ni Ikulu peke yake iliyoachwa nje ya mpango huo. Wakuu wa itifaki walisema kwamba Mkuu hapitii kwa Msaidizi, kwa hiyo Ikulu ikabaki na waya wa Nyuzi Imara tu.

Kilichobaki ni mwongozo wa ukurasa mmoja. Waraka wa Wizara ulitaka uandikwe kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kiswahili sanifu kampuni ya intaneti huitwa mtoa huduma. Sikudhani akaandika hivi:

"Kwanza: kazi zote zitapitia kwa mtoa huduma mkuu. Pili: mtoa huduma mkuu atapimwa kila baada ya sekunde tano ili ijulikane kama yu hai. Tatu: asipojibu mara tatu mfululizo, atahesabiwa kuwa ameanguka. Nne: mtoa huduma mkuu akianguka, mtoa huduma msaidizi atashika nafasi yake papo hapo, bila kusubiri idhini ya mtu yeyote, na wananchi wasihisi badiliko lolote. Tano: mkuu akirejea, asirudishiwe nafasi yake mara moja, bali aangaliwe kwanza. Sita: jaribio litafanyika Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, kwa kumkata mkuu."

Akausoma mara tatu. Upatanisho ulikuwa sahihi kila mahali. Akatia sahihi, akapeleka nakala nne.

*

Nakala ya nne ilifikishwa kwa Mtoa Huduma Msaidizi mwenyewe, kwa kuwa tarishi aliona cheo chake kimetajwa. Msaidizi alikuwa mtu aliyedumu katika nafasi yake miaka kumi na minne kwa kutoitumia. Alipofika kifungu cha nne alianguka chini, kisha akakumbuka kwamba kuanguka kumeandikwa kwenye karatasi, akasimama upesi. Mchana huo alisikika redioni, akihema.

"Ndugu wananchi, mimi sitaki kushika nafasi yoyote. Sijawahi kushika chochote. Hata kikombe cha chai hushikiwa. Hicho kiti changu nakalia nusu yake tu, na nusu hiyo nitaipunguza."

Saa tisa alasiri, watu wawili wenye adabu walimfuata Sikudhani kazini. Walimwomba asibebe mkoba, kwa kuwa angerudi sasa hivi. Wenzake waliposikia maneno "sasa hivi", waligeukia ukuta.

Idara ya Usikivu ilikuwa jengo la ghorofa tatu lililopakwa rangi ya maziwa. Mgeni alivua viatu mlangoni kwa heshima ya zulia. Sikudhani alipoinama kuviweka vyake kwenye rafu, aliona kwamba viatu vya safu ya chini vilikuwa na vumbi jingi, na ndani ya kimoja buibui alikuwa amejenga. Akapanda ngazi akiushika ukuta kwa mikono miwili.

Mkuu wa Idara, Bwana Lugendo, alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na zamani aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katikati ya chumba chake palikuwa na kiti kimoja cha mbao.

"Karibu, mama. Keti. Hicho ni chako. Utakunywa chai?"

"Hapana, Afande. Ahsante."

"Vizuri, kwa kuwa haipo." Akaufungua mwongozo. "Umeandika 'akianguka'. Nani?"

"Mtandao, Afande. Kampuni. Ni waya tu."

"Waya ungekuwa 'ukianguka'. Kampuni ingekuwa 'ikianguka'. Umeandika 'akianguka'. Nimefundisha ngeli miaka kumi na tisa, mama, usinitanie. Ni nani huyu mwenye 'a'?"

"Mtoa huduma, Afande."

"Ahaa."

"Neno lenyewe ndilo linalodai 'a', Afande. Umoja mtoa huduma, wingi watoa huduma. Ningeandika 'mtoa huduma ikianguka', ningekuwa nimekosea."

"Kwa hiyo ulipotakiwa kuchagua kati ya kosa la sarufi na kosa la uhaini, ukachagua uhaini."

"Sikujua kwamba nachagua, Afande."

"Wote husema hivyo. Tofauti yako ni kwamba wengi wao hukosea upatanisho." Akageuza ukurasa taratibu. "Na hii? 'Atapimwa kila baada ya sekunde tano ili ijulikane kama yu hai.' Hata madaktari wake hawathubutu. Na hii: 'Kwa kumkata mkuu.' Jumanne. Umeweka mpaka saa!"

"Saa hiyo watu wachache ndio wanaotumia mtandao, Afande."

"Mashahidi wachache," alisema Bwana Lugendo, akaandika.

*

Kwa kuwa kosa lilikuwa la sarufi, shauri lilipelekwa kwenye Baraza la Usanifu. Baraza lilikaa siku kumi katika jengo hilohilo, na siku zote kumi Sikudhani alikaa kwenye kile kiti, akisikiliza hatua za watu nje ya mlango na kujiuliza kila mara kama zinakuja kwake.

Mwenyekiti, Profesa Mbwilo, alipendekeza neno lihamishiwe ngeli ya KI-VI, liwe "kitoa huduma". Ikakumbukwa kwamba ki- hudogosha, na kikao kizima kikasimama kuiomba radhi picha iliyokuwa ukutani. Mjumbe mwingine akapendekeza "jitoa huduma", kwa ukubwa. Ikakumbukwa kwamba hata jitu huanza na ji-, wakasimama tena. Wa tatu akasema iandikwe "utoaji huduma ukianguka". Mwakilishi wa Hazina akaangua kilio, akasema kwamba hapo "ukianguka" haifai kabisa, ni "ulianguka", tena zamani. Akatolewa nje kwa upole, bila viatu.

Mwishowe Baraza likaamua kwamba mkuu haanguki, bali hupumzika kwa hiari. Kwamba kumpima ni kumshuku, hivyo ruta iamrishwe iache kuchungulia, iamini tu. Nani ataiamrisha, halikuandikwa. Hakuna aliyethubutu kukigusa kisanduku chenye mawazo kama hayo.

Mjumbe mmoja tu alikataa kutia sahihi. Huyo alikuwa Mwalimu Eufrasia Kitojo, bibi wa miaka sabini na sita, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu isiyotoka mkononi.

"Aliyeandika 'a' ameandika sawasawa," alisema. "Kosa ni la aliyempa mtu cheo cha kampuni."

Wajumbe wote wakatazama dari, kila mmoja akihakikisha kwamba anaonekana hakusikia.

Likabaki tatizo moja. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza jaribio la Jumanne kuwa ushindi mkubwa, na katika nchi hiyo redio haikuwahi kukosea. Lazima jaribio lifanyike, na aliyeijua mashine ile ni mmoja tu. Jumanne alfajiri Bwana Lugendo akamweleza Sikudhani mambo yalivyo, kwa sauti ileile ya chini.

"Jaribio likishindwa, umelihujumu taifa. Likifaulu, umeonyesha mbele ya kamera kwamba Mkuu anaweza kuondolewa na wananchi wasihisi lolote."

"Sasa nifanye nini, Afande?"

"Swali hilo nalipenda kuliko yote katika kazi hii. Sasa sikiliza. Daftari langu linadai kichwa kimoja kwenye kiti hiki mpaka kesi ifungwe, leo saa nane mchana. Ukitoka, lazima akae mtu mwingine. Una nani?"

Waliulizwa wenzake wa Wizarani. Wote walikuwa wameshikwa na malaria saa ileile. Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Mwalimu Eufrasia, miguu mitupu, kalamu mkononi.

"Nitakaa mimi."

"Mwalimu, unamfahamu mwanamke huyu?" aliuliza Bwana Lugendo.

"Namfahamu kwa kifungu chake cha nne. Mtu aliyeibeba 'a' yake mpaka mwisho wa sentensi ndefu kama ile, asiiangushe njiani, hawezi kuniacha mimi kitini."

Sikudhani alitaka kulia. "Shikamoo, Mwalimu. Nitarudi."

"Marahaba. 'Nitarudi' lini? Taja wakati."

"Nitarudi leo, kabla ya saa nane."

"Hiyo ndiyo sentensi. Haya, nenda."

*

Ukumbi wa Utulivu ulijaa. Mbele ilitundikwa skrini kubwa, na ndani yake Mtoa Huduma Mkuu, moja kwa moja kutoka Ikulu, alitabasamu, akatikisa kichwa, akajikuna sikio la kushoto. Waziri wa Taarifa, Mheshimiwa Ndimbwa, alihutubia kwa muda wa saa nzima.

"Ndugu zangu, mataifa mengine yana waya mmoja, nayo yanajiita mataifa! Sisi tuna wa kwanza, na tuna mwingine ambaye si wa pili! Tena nasema: si wa pili! Huyu mwingine ni wa kwanza aliyesimama nyuma!"

Makofi. Mtoa Huduma Msaidizi, aliyekaa ukingoni mwa kiti chake, alipiga makofi mpaka akateleza.

Ukafika wakati wa kuuvuta waya. Waziri akampa heshima hiyo Katibu Mkuu. Katibu Mkuu, kwa unyenyekevu, akampa Mkurugenzi. Mkurugenzi akagundua kwamba mkono wake wa kulia una jipu na wa kushoto una pete ya ndoa. Macho yote yakamrudia Sikudhani. Akaenda kwenye kabati la mitambo, nyuma ya skrini, Bwana Lugendo akimfuata hatua moja nyuma yake. Akapiga magoti, akalifungua.

Taa ya Anga Wazi ilikuwa ya kijani, ikimetameta kwa kazi nyingi. Taa ya Nyuzi Imara ilikuwa nyekundu.

Akadhani macho yanamdanganya kwa woga. Akabonyeza kitufe cha kumbukumbu, na kile kioo kidogo kikamwandikia tarehe. Nyuzi Imara haikuwa imejibu kwa siku kumi na moja. Ruta, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, iliendelea kutii kifungu cha nne: ilihamishia nchi nzima kwa Anga Wazi papo hapo, bila kusubiri idhini ya mtu yeyote, wala hakuna aliyehisi.

Kwanza alipumua. Kisha akaikumbuka Ikulu.

Ikulu haikuwa na waya mwingine. Ikulu ilipitia kwa Nyuzi Imara tu, na Nyuzi Imara ilikuwa imekufa siku kumi na moja. Basi yule aliyekuwa kwenye skrini alitoka wapi?

Akaufuata kwa macho waya wa skrini. Haukwenda ukutani. Ulishuka chini ya kitambaa cha meza, ukaingia katika kimashine kidogo cha kuchezeshea picha, cha aina inayouzwa madukani pamoja na pasi na feni. Juu yake, kwenye skrini, Mtoa Huduma Mkuu alitabasamu, akatikisa kichwa, akajikuna sikio la kushoto. Sikudhani akahesabu kimoyomoyo. Alipofika arobaini, Mkuu alitabasamu, akatikisa kichwa, akajikuna sikio la kushoto.

Alipogeuka, uso wa Bwana Lugendo ulikuwa karibu na wake, nao ulikuwa na rangi ya jivu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiogopa, na hilo lilimtisha kuliko kile kiti.

"Umeona nini, mama?"

"Taa nyekundu, Afande."

"Nani mwingine anayejua kuzisoma taa hizi?"

"Hakuna, Afande."

Bwana Lugendo akatazama kile kimashine, akautazama waya, akasogea zaidi. "Niambie kwa herufi moja tu. Umeanguka, au ameanguka?"

Sikudhani akafungua kinywa.

"Usijibu," alinong'ona Bwana Lugendo haraka. "Ukijibu, mimi ni Idara ya Usikivu, nitalazimika kusikia. Vuta waya."

Akauvuta waya uliokufa, akauinua juu ili watu wauone. Redio ya intaneti ya ukumbini ikaendelea kuimba. Simu zikaendelea kulia. Na kwenye skrini, sekunde yake ilipofika, Mkuu akatikisa kichwa.

"Mmeona!" alipaza sauti Waziri, akitetemeka kwa furaha au kwa jambo jingine. "Mkuu amekatwa, na bado yupo! Mkateni tena, atakuwapo! Nani anayesema kwamba tunamhitaji hai, yaani, nani anayesema kwamba tunamhitaji hewani, ndipo tumwone?"

Hakuna aliyesema. Wote walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha.

*

Pilau lilipoanza kupakuliwa, Bwana Lugendo alimvuta Sikudhani kando. Sahani ilikuwa mkononi mwake, lakini hakuwa amekula.

"Umefaulu, mama, hongera. Sasa nisikilize, kwa kuwa sitarudia. Aliyeona ulichokiona hawezi kuachiwa hivihivi, na saa nane nafunga kesi. Atakayekuwa kitini atafungwa nayo. Daftari linadai kichwa kimoja, nacho kimoja kipo. Halijali ni cha nani."

"Yule ni Mwalimu Eufrasia, Afande."

"Daftari halisomi majina kama wewe usomavyo. Geti liko wazi, walinzi wanakula. Basi la mpakani huondoka saa saba na nusu." Akakitazama chakula chake. "Mimi ningelipanda. Ningekuwa na ujasiri wa kulipanda, ningelipanda leo."

Sikudhani akatoka nje. Hakuna aliyemzuia, na jambo hilo lilimfanya ageuke nyuma kila baada ya hatua tatu. Ng'ambo ya mpaka alikuwa na dada, aliyekuwa na chumba cha ziada na mashine ya kushona. Stendi ilikuwa mwisho wa barabara. Basi lilikuwa limewashwa, na utingo aliyening'inia mlangoni alimwona kwa mbali.

"Mama, mpakani? Wahi, mama, kimebaki kiti kimoja! Mbona unatetemeka? Ingia, humu hakuna baridi!"

Akasimama mbele ya mlango ule. Mguu mmoja aliuweka kwenye ngazi. Ndani aliona kiti chenyewe, karibu na dirisha, kikiwa na kitambaa cha buluu. Alikitazama kwa muda ambao mtu angeweza kutikisa kichwa na kujikuna sikio.

"Unapanda au hupandi, mama? Watu wana safari zao!"

"Sipandi, mwanangu. Nimekwisha kuketi mahali pengine."

"Makubwa haya," alisema utingo, akapiga bati la basi kwa kiganja, likaondoka.

Alikwenda kwa miguu, akipita kando ya kuta. Kwenye mlango wa jengo la rangi ya maziwa alivua viatu. Hakuitazama safu ya chini.

Mwalimu Eufrasia alikuwa ameketi wima katikati ya chumba. Askari wa zamu, kijana mwenye bunduki, alikuwa amesimama pembeni akisoma kwa sauti notisi ya ukutani, na bibi alikuwa akimsahihisha.

"'Wageni wanatakiwa watulie', si 'kutulizwa'. Soma tena."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Sikudhani.

"Marahaba. Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika sita."

Mwalimu akamtazama usoni kwa muda, akauona woga uliokuwamo, na akaelewa kwamba haukuwa ule alioondoka nao.

"Ulikuwa na njia nyingine," alisema polepole.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ungeifuata. Mimi ni mzee, nimekwisha kusahihisha vya kutosha. Kiti hiki hakiniumizi."

"Ulinikopesha siku moja, Mwalimu. Nimeimaliza. Naomba usimame."

Kwa mara ya kwanza bibi hakuona cha kurekebisha. Akaishika mikono ya Sikudhani, iliyokuwa baridi, akajiinua. Akampisha.

Sikudhani akaketi. Akaikunja mikono mapajani, akasikiliza nyayo za Mwalimu zikishuka ngazi, na kule chini, viatu vikitolewa rafuni.

Yule askari akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina moja, akaandika jingine chini yake. Akahesabu kwa kidole. Kichwa kilikuwa kimoja.